Ikiharibika, Analipa Nani?

"Madam, hiyo roboti ikiharibika analipa nani?"

Ilikuwa Alhamisi, kipindi cha mwisho, kidato cha pili. Roboti ilikuwa juu ya meza yangu ndani ya boksi lake la plastiki, kila kipande kimelala kwenye kishimo chake. Nilikuwa nimewaita wanafunzi sita waje mbele waishike. Watano walikuja mbio. Wa sita, binti ambaye kwenye mtihani wa nadharia huwa hashuki chini ya themanini, aliinuka, akapiga hatua mbili, akasimama na kuniuliza hivyo, mikono nyuma.

Nikamjibu upesi, kama tunavyojibu walimu swali linapotukuta hatujajipanga. "Haitaharibika. Wewe njoo."

Akaja. Akainama, akaitazama kwa karibu kila upande. Mikono haikutoka nyuma.

Kengele ikagongwa. Nikahesabu vipande, nikafunga boksi, nikalirudisha kabatini na kuzungusha ufunguo mara mbili. Jioni nyumbani, nikiwa nachambua mchele, swali lile likanirudia. Halikuniacha kwa wiki nyingi.

## Leja

Roboti ile ilikuja kama msaada, na waliotuletea walikuwa na nia njema kabisa. Tulipiga picha. Kisha ikaingizwa kwenye leja ya vifaa vya shule: jina la kifaa, idadi, thamani, aliyekabidhiwa. Thamani ilizidi shilingi milioni moja. Aliyekabidhiwa ni mimi, na sahihi yangu ipo.

Mwalimu yeyote aliyewahi kusaini leja anaijua hofu hiyo. Wakaguzi wakija, kifaa kinatakiwa kionekane. Hakuna anayekuuliza kimefundisha watoto wangapi.

Kwa mihula miwili niliitoa kabatini mara nne. Mara ya kwanza programu yake ilitaka tufungue akaunti kwanza, na bando la simu yangu likaisha kabla ukurasa haujafunguka. Mara ya tatu gia moja ndogo, ukubwa wa punje ya mahindi, ilidondoka. Tulisogeza madawati yote, tukafagia chumba kizima, na mimi nikawafokea watoto sitini na nane kwa ajili ya ile punje. Hatukuipata. Haiuzwi peke yake, na hata ingeuzwa, isingekuwa hapa Morogoro. Tangu siku ile gurudumu moja la roboti halizunguki.

Yule binti alikuwapo siku ya gia. Shuleni kwetu ukivunja kioo unatumwa nyumbani ukamlete mzazi, na mama yake anauza mihogo ya kukaanga karibu na stendi. Alipiga hesabu zake akaona usalama wake ni kuweka mikono nyuma. Mimi nilipiga hesabu hizohizo nikaona usalama wangu ni kuzungusha ufunguo mara mbili.

Wote wawili tulikuwa tunaiogopa roboti.

## Pipi mbili za kijiti

Mwaka 2012 Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi nchini Ghana na Ken Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianzisha mtandao wa watu wa roboti barani Afrika, AFRON. Mwaka huohuo wakatangaza shindano: buni roboti ya kufundishia ambayo vifaa vyake vinagharimu karibu dola 10.

Habari hizo nilikuwa nazijua juujuu. Safari hii, kwa ajili ya lile swali, nilikaa nikasoma hadi mwisho, na kilichonishika ni roboti moja iliyoshinda katika kundi la zile zinazofungwa kwa waya kwenye kompyuta. Inaitwa Lollybot. Aliyeibuni ni Tom Tilley, akiwa Thailand. Vifaa vyake viligharimu dola 8.96, ambazo kwa kiwango cha wakati ule hazikufika shilingi elfu kumi na tano.

Ni pedi ya gemu. Hiyohiyo unayoishika ukicheza mpira kwenye PlayStation. Ndani ya pedi mna mota mbili ndogo zenye vipande vya chuma vilivyokaa upande mmoja, na kazi yake ni kuifanya pedi itetemeke mkononi. Ukiviondoa vile vyuma, mota zinabaki huru kuendesha magurudumu. Vile vijiti viwili vya dole gumba vinageuka kuwa hisia za roboti: juu ya kila kimoja inachomekwa pipi ya kijiti. Roboti ikigonga ukuta, uzito wa pipi unayumba, kijiti kinalala, na kompyuta inapata habari kwamba tumegonga kitu.

Nilisoma sehemu hiyo mara tatu.

Pipi ikivunjika unaila, unachomeka nyingine.

Hapo ndipo lile swali lilipoanza kunifungukia. Sisi watu wazima tunaiangalia bei ya siku ya kununua. Tunaijadili kwenye vikao, tunaiandika kwenye leja, tunaitafutia wafadhili. Mtoto anaiangalia bei ya siku ya kuharibika, maana siku hiyo ndiyo itakayomhusu yeye. Roboti mbili zinaweza kufundisha amri zilezile, mbele, kulia, rudia, na bado moja ikawa haifundishi chochote kwa kuwa hakuna mkono unaothubutu kuifikia.

## "Fungueni"

Jumamosi nikaenda kwenye banda la gemu la mtaani kwetu, lile la mabati lenye televisheni nne na kelele za kutosha soko zima. Mwenye banda ni kijana niliyewahi kumfundisha. "Shikamoo madam," akasema, akasimama haraka, nadhani akidhani nimekuja kutafuta watoro.

Nikamwambia nataka pedi zilizokufa. Akavuta katoni kutoka chini ya benchi. Zilikuwamo kumi na moja: nyingine vitufe vimelika hadi vimekuwa laini kama kokoto za mtoni, nyingine waya umeng'olewa, moja imefungwa kwa plasta ya kidonda. Hakutaka hela. Alitaka tu kujua zinakwenda kufanya nini, na nilipomweleza habari ya pipi akasema atakuja kuangalia.

Jumatatu sikuitoa roboti kabatini. Niligawa pedi, moja kwa kila kikundi, pamoja na bisibisi nilizoazima kwa fundi redio wa sokoni. Nikasema neno moja.

"Fungueni."

Hakuna aliyefungua. Walinitazama.

"Tufungue kabisa, madam?"

"Kabisa."

"Zikivunjika?"

"Zimeshavunjika."

Kimya kile kilidumu labda sekunde tano, kisha nikasikia skrubu ya kwanza ikidondoka juu ya dawati. Nikatazama kule kwa yule binti. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake. Aliinua mfuniko wa pedi, akachomoa mota, akaizungusha kwa kidole karibu na sikio lake. Akaniita.

"Madam, kwa nini hiki chuma kimekaa upande? Si kingekaa katikati?"

Kabla sijajibu, akaishika mota kwa vidole viwili na kuizungusha tena kwa nguvu. Akatulia.

"Kumbe ndicho kinachotetemesha."

Mihula miwili nilikuwa na roboti ya milioni moja, na sentensi kama ile sikuwahi kuisikia.

Lollybot yetu wenyewe tuliijaribu. Kati ya zile kumi na moja, pedi mbili zilikuwa na mota nzima na waya mzima wa USB. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya chupa za maji vilivyozungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Moja haikutoka mahali ilipo. Ya pili ilizunguka kama pia kwa siku tatu, kisha ikazimika. Pipi zililiwa siku ya kwanza. Kama roboti, kazi ile haikufanikiwa, lakini niliandaa vipindi vya wiki zilizofuata kwa furaha ambayo sikuwa nayo tangu nianze kazi.

## "Unawapa takataka"

Mwenzangu mmoja ofisini aliziona pedi kwenye ndoo chini ya meza yangu. Akaniambia kwa upole, bila kejeli yoyote: "Mwalimu, watoto wa wenzetu wanapewa roboti. Wa kwetu unawapa takataka."

Liliniuma, kwa sababu nusu yake nilikubaliana nayo.

Kuna namna ya kuwasifu watoto wetu ambayo siipendi. Mtoto ametengeneza gari kwa makopo na waya. Watu wanapita, wanapiga picha, wanasifu kipaji, wanaondoka. Mtoto anabaki na makopo yake. Mwaka unaofuata anapita mwingine na kamera. Sikutaka kuwa mwalimu anayewazoesha watoto waone kwamba kilichotupwa ndicho stahili yao, halafu nikaita jambo hilo ubunifu.

Nilikaa na neno lile siku kadhaa. Kilichonisaidia kulipima ni kurudi kwenye asili ya roboti hizi zenyewe. Mnamo 1948 na 1949, jijini Bristol, mtafiti wa ubongo William Grey Walter alitengeneza roboti mbili za magurudumu matatu zilizokuwa zikitembea zenyewe sakafuni kufuata mwanga. Aliziita kobe, Elmer na Elsie. Baadhi ya gia zake zilitoka kwenye saa za zamani na mita za gesi. Hao ndio mababu wa kila roboti ndogo inayotambaa darasani leo.

Kwa hiyo uchakavu wenyewe hauna aibu. Ila Grey Walter alikuwa na maabara, na alichagua mwenyewe nini kiwe chakavu na nini kiwe kipya. Tofauti iko hapo, na hapo ndipo mwenzangu alipokuwa na haki.

Nikaamua: mwili uwe chakavu, ubongo uwe mpya.

Ubongo niliochagua ni Arduino, bodi ndogo ya saketi inayoshika programu na kuifuata, iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ikilenga wanafunzi ambao si mafundi wa elektroniki. Mchoro wake umewekwa hadharani, na leseni yake inamruhusu yeyote kuitengeneza na kuiuza, mradi asitumie jina lao. Ndiyo maana Kariakoo unakuta nakala kwa bei ya chini kuliko ile ya asili, na hujamwibia mtu. Chanzo huria maana yake ni hiyo. Mtu alichora, akaacha mlango wazi.

Roboti moja ilinifikia shilingi elfu sitini na tano: bodi, saketi ya kuendeshea mota, mota mbili za njano zenye gia za plastiki, magurudumu yake, kihisi cha umbali chenye macho mawili kama bundi, na betri. Mwili ni mfuniko wa ndoo ya rangi, tuliotoboa kwa msumari wa moto. Tulitengeneza nne. Mbili zilitoka kwenye mshahara wangu, moja kwa mchango wa wazazi, moja kwa yule kijana wa banda la gemu, ambaye alikuja kweli kuangalia.

## Kobe chini ya mwembe

Kabla ya kuwasha roboti yoyote nilikuwa na shaka nyingine, na hii sikumwambia mtu. Nilijiuliza kama tunaihitaji kabisa. Kama lengo ni watoto wajifunze kupanga amri, je, si unaweza kuwafundisha kwa chaki na uwanja?

Shaka hiyo ina msingi. Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, ndiye aliyeanzisha Logo, lugha ya kuwafundishia watoto kuandika programu, huko Marekani mwaka 1967 pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon. Wao pia walikuwa na roboti ya sakafuni yenye kalamu tumboni, nayo iliitwa kobe, jina lililotoka kwa wale wa Bristol. Mtoto akikwama kuchora umbo, Papert alimshauri awe kobe yeye mwenyewe: asimame, atembee lile umbo, asikilize mwili wake unafanya nini.

Nikafanya hivyo. Niliwatoa uwanja wa paredi, nikamteua mvulana mmoja awe kobe, na wenzake wakampa amri. Tulitumia Kiswahili, ingawa vipindi vyetu ni vya Kiingereza, kwa sababu mwili wa mtoto unageuka haraka zaidi ukiambiwa "kulia". Mbele hatua kumi. Kulia. Mbele hatua kumi. Kulia. Mraba ukatokea kwenye vumbi. Walipiga makofi, na mimi nikawaza kwamba nimetupa elfu sitini na tano mara nne.

Kisha mtu akasema, "Mbele hatua ishirini." Mbele yake hatua kumi na nne ulikuwapo mwembe.

Kobe wetu alitembea kumi na tatu, akasimama, akageuka kutuangalia.

Wenzake hawakuona tatizo. Programu ilikuwa na kosa na hakuna aliyeliona, kwa sababu yule mvulana alilirekebisha kimyakimya kwa niaba yao. Mtu anakuhurumia. Anasikia ulichomaanisha, anakijaza ulichokisahau, na unaondoka ukidhani ulisema vizuri.

Kwa mara ya kwanza nikajua roboti ni ya nini.

## Inapinda

Siku ya roboti zenyewe, vikundi vinne viliandika programu ya mraba. Tulikuwa tumetengeneza amri zetu ndani ya programu tukaziita kwa majina yetu: mbele, kulia, simama. Lugha ya Arduino inakuruhusu kubatiza amri uliyoiunda jina lolote upendalo, na sijui kwa nini miaka yote nilikuwa nawaandikia majina ya Kiingereza.

Kwenye skrini kila kitu kilikuwa sawa. Sakafuni, roboti namba 2 iliambiwa iende mbele kwa sekunde mbili, ikaenda huku inapinda kulia, ikaishia chini ya meza.

"Programu ina makosa," akasema mmoja. Wakaisoma upya mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa. Mwingine akasema ni sakafu. Wakahamia barazani, ikapinda kulekule. Mwingine akasema ni gurudumu lina uchafu. Wakalifuta.

Yule binti alikuwa amechuchumaa pembeni. Akasema, "Tubadilishane mota. Ya kulia iende kushoto."

Nikamuuliza kwa nini. "Kama ni mota, kupinda kutahama pamoja nayo. Kama si mota, kutabaki."

Naomba niliandike jambo hili taratibu. Hakuna niliyemfundisha hivyo. Hapo kuna mtoto wa kidato cha pili anayejua namna ya kuiuliza mashine swali ambalo haiwezi kulikwepa.

Wakafungua. Wakabadilisha. Roboti ikaenda, ikapinda kushoto.

Kelele zilizopigwa zilimleta mwalimu wa zamu mlangoni.

Mota mbili za bei ile hazifanani hata zikitoka kwenye mfuko mmoja. Dawa yake ni kuipunguza yenye kasi: kwenye programu nguvu ya mota inahesabiwa kutoka 0 hadi 255, nao wakashusha ya kulia kidogokidogo, 250, 240, 235, hadi 231, ikanyooka. Mraba ukafunga. Mchana betri iliposhuka, mraba uleule ukaacha kufunga, kwa kuwa programu yetu haikujua digrii 90. Ilijua muda tu. Sekunde zilezile, betri ikiwa imechoka, zinageuza pembe ndogo zaidi. Mjadala wa jambo hilo ulituchukua kipindi kizima na ulikuwa mzuri kuliko wowote nilioupanga.

Lakini katikati ya furaha ile, wakikaza mota mahali pake, waya mwekundu ukavutika. Kile kibati chembamba cha shaba kilicho mgongoni mwa mota, kinachoshika waya, kikakatika.

Ilikuwa mikononi mwa yule binti.

Darasa likanyamaza. Wote wakanitazama mimi, na yeye akaiweka roboti mezani polepole, akasimama, akarudisha mikono nyuma.

Nilisikia koo langu limeshaanza kuandaa ile sauti ya siku ya gia. Naikiri. Mazoea ya miaka hayaondoki kwa pedi kumi na moja. Nikavuta pumzi, nikamwambia: "Baada ya masomo ipeleke kwa fundi redio sokoni. Kaa uangalie anavyochomea. Kisha urudi utufundishe."

Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kufika. Roboti namba 2 ilikuwa chini ya kwapa, ndani ya mfuko wa rambo. Fundi alikuwa amekwangua mabaki ya kile kibati hadi shaba ikang'aa, akashika waya kwa tone la risasi ya kuchomea, halafu akaufunga waya wenyewe kwenye mwili wa mota kwa uzi. Binti alinionyesha ule uzi. "Amesema risasi kazi yake kupitisha umeme, si kubeba uzito. Uzito ubebwe na uzi."

Akafunga nyuzi kwenye roboti nyingine tatu kabla kengele ya paredi haijagongwa.

Nikamuuliza fundi amedai kiasi gani.

"Mia tano, madam."

Alilisema akinitazama machoni.

## Kazi isiyoandikwa kwenye mchoro

Sitaki mtu asome hapa adhani mambo ni mteremko. Kilicho huria hakina bei kwenye karatasi, ila kuna mtu anailipa, na kwangu imelipwa kwa Jumamosi. Jumamosi mbili nzima nilizipoteza kwa sababu kompyuta za shule zilikataa kuziona bodi zetu. Bodi za nakala nyingi hutumia chipu ndogo ya mawasiliano iitwayo CH340, na kompyuta ya zamani haiitambui hadi uiwekee draiva yake, yaani programu ya kuitambulisha. Anayejua anatatua kwa dakika tano. Mimi sikujua, maelezo yote ni ya Kiingereza cha watu wanaojuana, na hakuna wa kumpigia simu.

Nimeulizwa pia kwa nini sikuchukua roboti ya bei ndogo zaidi, maana zipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walibuni moja iitwayo AERobot, kama dola 10.70, kwa wazo zuri mno la roboti moja kwa kila mwanafunzi. Haina hata magurudumu. Inatembea kwa kutetemeka. Mchoro wake uko wazi. Naiheshimu sana kazi ile. Ila vipande vyake ni vidogo, vimekaa juu ya bodi moja iliyobanwa, na nilipomwonyesha fundi wetu picha yake alitikisa kichwa. Akasema ikifa, imekufa. Ya kwetu ni ghali mara mbili na zaidi, lakini kila kilichomo ndani yake fundi anaweza kukishika kwa koleo. Kwa shule iliyo mbali na kiwanda, mimi nachagua hiyo.

Na ipo hofu ambayo sijaipatia dawa. Barua ya uhamisho inaweza kuja wiki ijayo. Nimeona maktaba zikifa kwa uhamisho, nimeona klabu za sayansi zikifa. Roboti nne za mifuniko ya ndoo zinaweza kurudi kabatini siku ile ile ninayopanda basi, na mwalimu atakayekuja asijue kwa nini zipo.

## Daftari

Mkuu wa shule aliponiuliza roboti zile ziingizwe vipi kwenye leja, na kwa thamani gani, nilimwomba asiziingize kama samani. Aziweke pamoja na chaki. Chaki hakuna anayetegemea ikaguliwe nzima mwisho wa mwaka. Alifikiri kidogo, akakubali, na namshukuru kwa hilo.

Badala ya leja tuna daftari la kurasa 96, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Safu nne: tarehe, kilichoharibika, tulichojaribu, matokeo. Hakuna safu ya jina la aliyeharibu. Wanafunzi ndio wanaoandika, kwa Kiswahili, na nimeanza kutumaini kwamba mwalimu mwingine akija akakuta daftari hili atajua pa kuanzia.

Jana jioni nililipitia. Kuna mahali pameandikwa: "Namba 4 haisikii. Tumebadilisha waya wa USB. Imesikia. Waya wa kwanza ni wa kuchajia tu." Kuna: "Namba 3 inapinda kushoto. Tumebadilishana mota, bado kushoto. Kwa hiyo si mota. Tunaendelea." Kuna ukurasa mzima wenye doa la chai.

Maandishi ya mwisho yalikuwa ya mwandiko ninaoujua, ule ulionyooka kama umepigiwa rula.

"Roboti ya kabatini. Gia moja haipo, gurudumu halizunguki. Tunaomba kuifungua tupime gia iliyobaki, tujaribu kuchonga nyingine kwa kandambili."

Safu ya matokeo ameiacha wazi.

Nimesaini pembeni, na ufunguo nimeuacha juu ya daftari.